Sikio la Pili la Fahali

Mahbuba aliamka mwenyewe. Nyumba yao ya Hail, pembeni mwa Maskati, ilikuwa kimya, chakula cha mchana kimeshaliwa, watu wamejilaza kungoja jua lipungue, na kiyoyozi kinanguruma peke yake ukutani. Alikaa kitako kitandani akijiuliza ni nini kilichomwamsha. Ikamchukua muda kutambua kwamba hakuna kilichomwamsha, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Mama yake hakumwita.

Nyinyi hamkuijua nyumba ile, ndiyo maana hamshtuki. Bi Muhsina alipigwa na kiharusi, kikamchukua upande mmoja wa mwili na maneno yake yote, isipokuwa moja. Mwanamke yule alikuwa na mdomo, wallahi! Alizaliwa Unguja, akahamia Maskati kijana, na alijua kusuta kwa Kiswahili na kubembeleza kwa Kiarabu bila kuvuta pumzi katikati. Yote yalikwenda. Likabaki jina la bintiye. Akitaka maji, "Mahbuba." Mguu ukimuuma, "Mahbuba." Akisikia adhana, akicheka, akiogopa, akitaka kugeuzwa ubavu, "Mahbuba," kutwa kucha, asubuhi mpaka asubuhi.

Na kila akiitwa, ilimbidi aitike. Mtoto aliyelelewa Kiunguja akiitwa na mkubwa wake hasemi "nini" wala hasemi "nakusikia". Husema "labeka", tena upesi, na akichelewa hupata kofi. Mahbuba alikuwa mtu mzima, mjane, keshastaafu kazi yake serikalini ili amuuguze mama yake, na bado labeka ilimtoka kabla hajajua kama amefungua mdomo. Msaidizi wake wa nyumbani, Nantongo, msichana wa Kiganda, alikuwa akisaidia kumwosha na kumlisha mgonjwa, lakini Nantongo alikuwa haitwi. Jaifar, mdogo wake Mahbuba, alikuwa akija Ijumaa kutoka mtaa wa Qurum na kasha la matunda, anambusu mama kipaji cha uso, anatoka. Naye alikuwa haitwi.

Mtu huchoka. Msimhukumu mapema, tukifika pa kumhukumu nitawaambia mwenyewe.

Basi siku iliyotangulia ule ukimya, Mahbuba alikuwa amekwenda kwa Mabaniani. Alikuwa na shoga yake wa siku nyingi, Kanchan, waliyefanya kazi pamoja mtaa wa Ruwi, Baniani ambaye babu zake walikuwa wafanyabiashara wa Maskati tangu hapajakuwa na barabara. Kiarabu chake huwezi kukitofautisha na cha Muomani, na Kiswahili alikuwa nacho cha kuombea maji, alichokiokota kwa bibi yake aliyewahi kukaa Unguja. Kanchan alimwona mwenzake macho yamemwingia ndani, akamwambia twende zetu ukapunge upepo, nikakuoneshe hekalu letu dogo, lile la wenyewe ambalo wageni hawalijui. Mahbuba akasema anakwenda kutazama tu. Wangapi wameanza hivyo hivyo.

Hekalu lenyewe lilikuwa ndani ya ua, limeegemea jabali. Palikuwa na njiwa wengi, na kobe mzee ambaye watu walimzunguka kwa adabu badala ya kumruka. Katikati ya ua, chini ya kivuli cha turubai, alisimama fahali mweupe, pembe zimepakwa manjano, shingoni kavishwa mkufu wa fedha wa Kiomani wa bibi harusi. Kila asubuhi waliziosha kwato zake kwa maziwa na marashi ya mawaridi ya Jabal Akhdar, wakamlisha tende na halua kwa mkono. Maji yale ya kuoshea yalipita kwenye kimtaro upande wa pili wake, yakaenda kutuama ukutani. Na watu walipanga foleni kumnong'oneza. Kila mwenye haja yake humsemea fahali sikioni, naye, kwa itikadi yao, huichukua kwa Mola wake.

Lakini palikuwa na sharti, na Kanchan alimweleza kabla hawajavua viatu. Ukisema katika sikio hili, mkono wako wa pili unyooshe uzibe sikio lile, barabara, kwa kiganja, mpaka umalize.

"Neno likiingia lisitokee upande wa pili," alisema. "Kule nyuma hujui nani kasimama."

Alilisema akicheka, ila zamu yake ilipofika Mahbuba alimwona anavyoziba, vidole vimebana. Kisha Kanchan akasogea pembeni, na Mahbuba, aliyekwenda kutazama tu, akajikuta uso kwa uso na lile jicho jeusi la mnyama, la upole, lenye unyevu. Akainama.

Wakati huo huo akamwona mtu mlangoni. Alifanana na dereva wa Jaifar. Roho ikamruka. Binti wa Bi Muhsina, mtu wa swala tano, anaonekana kwa Mabaniani anazungumza na ng'ombe! Mkono wake wa kushoto, ule uliokuwa unakwenda kuziba sikio, ukarudi ukalishika shela ukalivuta usoni. Na kwa kuwa alikuwa na haraka atoke, neno likamponyoka kama lilivyo, halijatiwa adabu.

"Nimechoka kuitwa. Nnataka mama asiniite tena."

Fahali akatikisa kichwa kwa nguvu. Upande wa pili, pale penye kimtaro, njiwa wote wakaruka kwa pamoja, na Mahbuba akasikia mtu anavuta pumzi, taratibu, kama anayekunywa kitu. Alipochungulia hapakuwa na mtu. Yule wa mlangoni naye hakuwa dereva wa Jaifar. Alikuwa mzee wa Kihindi na kapu la majani.

Sasa turudi kwenye ule ukimya. Mahbuba alikwenda chumbani kwa mama yake mbio, akamkuta macho wazi. Bi Muhsina alimtazama, midomo ikafunguka, ikafumba, ikafunguka, ikaliunda jina lile lile herufi kwa herufi, na sauti isitoke. Na Mahbuba, maskini ya Mungu, kitu cha kwanza alichokihisi ni raha. Alimtengeneza mto, akaenda jikoni, akatia chai akainywa ingali moto, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu mama yake augue. Hiyo ndiyo chai iliyomkaa rohoni baadaye.

Siku ya pili yake, baada ya chakula, alikuwa anamlisha mama yake uji. Kijiko kimo mdomoni mwa mgonjwa, midomo imekifumba, na kutoka stoo, nyuma ya jikoni, mama yake akaita.

"Mahbuba!"

"Labeka!"

Ilitoka yenyewe. Ilishatoka, ndipo alipokitazama kijiko, akaitazama ile midomo iliyofumba. Bi Muhsina alikuwa anatazama upande wa stoo. Machozi yalimtoka jicho moja, lile la upande uliokuwa mzima, na uji ukamchuruzika kidevuni.

Nantongo alikuwa mlangoni na taulo. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Madam, unamjibu nani?"

"Hukusikia?"

"Sijasikia kitu."

Walikwenda stoo pamoja. Magunia ya mchele, debe la samli, mazulia yaliyokunjwa. Ila palikuwa na harufu, na harufu ile hata Nantongo aliisikia, ya marashi yaliyochanganyika na maziwa yaliyochacha. Nantongo alidhani kuna kitu kimemwagika, akapiga deki sakafu nzima. Harufu haikutoka.

Tangu siku ile lile jambo likawa linaita. Halikuita usiku, usiku Mahbuba alikuwa amejiandaa, ana Kurani kando ya mto. Liliita saa ile ya joto, watu wamelala na hata paka wa nje wamejificha chini ya magari, na liliita tena jua likizama. Liliita kwenye tangi la maji juu ya paa, liliita ndani ya gari lililofungwa, liliita kwenye tundu la maji machafu bafuni, kwa sauti ya Bi Muhsina isiyo na kasoro, na kila likiita Mahbuba aliitika, kwa sababu ulimi uliofunzwa kwa makofi haungoji ruhusa. Na kila akiitika, mama yake alipungua. Alianza kwa kukataa uji. Kisha akawa hageuzi shingo. Kisha ile midomo iliyokuwa ikilitafuta jina ikawa inacheza kidogo tu, na Mahbuba akaelewa, bila ya kuambiwa na mtu, kwamba kila labeka anayoitoa inakwenda kumlisha asiyestahiki, na mwenye haki yake anakufa kwa kukosa.

Alijaribu kumlipa. Alikaa kitandani kwa mama yake akamshika mkono akamwambia labeka mama, labeka, nipo, lakini labeka isiyoitwa ni neno kavu, na Bi Muhsina alimtazama tu.

Siku iliyomvunja ni ile aliyoitwa kutoka bafuni. Maji yalikuwa yanamwagika ndani, na jina likaja laini, kwa ile sauti aliyokuwa nayo mama yake zamani alipokuwa akimsuka nywele barazani na mtoto katulia hamsumbui, sauti ambayo Mahbuba alikuwa hajaisikia tangu utotoni na hakujua kama ameikosa hivyo, akaitika, na safari hii hakuitika kwa mazoea, aliitika kwa moyo, akaenda, akafungua mlango, akakuta bomba limefungwa na sakafu imelowa kitu cheupe, na kwenye ule weupe nyayo, wayo mmoja umekanyaga sawasawa na wa pili unaburutwa, kama alivyokuwa akitembea Bi Muhsina siku za mwanzo za kiharusi alipokuwa bado anaweza kusimama, na zile nyayo zilikuwa zinatoka, zimempita yeye mlangoni bila ya yeye kuona mtu, zimekata ukumbi, zimeingia chumbani kwake Mahbuba, zimekwenda mpaka kitandani kwake, na shuka upande wa ukutani ilikuwa imebonyea. Alipiga ukelele mmoja, akaanguka.

Nantongo ndiye aliyempigia simu Jaifar. Jaifar alikuja, na kwa kuwa hata wenye ofisi Qurum wana hofu zao, hakumpeleka dada yake hospitali. Alimleta Maalim Aflah kutoka Seeb, mtu wa kwao, asomaye kwa Kurani na hafanyi mambo ya ngoma. Maalim alifukiza ubani, akasoma, akaandika kombe, aya kwenye sahani kwa zafarani, akaliosha kwa marashi ili linywewe. Mahbuba alipolinywa na kuisikia ile harufu, akalitapika. Maalim akaweka kikombe chini akamtazama.

Akasema kiumbe huyu haonekani kama aliyekuja mwenyewe. Kaitwa, au kapewa kitu. "Mwanangu, ulikwenda pahala? Uliomba jambo?"

Sasa hapa ndipo pa kumhukumu. Jaifar alikuwa kakaa pale pale, kanzu nyeupe, kilemba cha mussar kichwani. Mama yao alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, na masikio yake yalikuwa mazima. Aseme nini? Kwamba aliacha msala wake akaenda kumnong'oneza ng'ombe wa watu? Hilo angelisema. Wallahi nnaamini angelisema. Lakini lingefuata suala la pili, aliomba nini, na jawabu lake lingemfikia Bi Muhsina kitandani.

"Hapana, Maalim."

Maalim akamuuliza tena, polepole, kama anayemfungulia mtu mlango.

"Hapana."

"Basi ni mpita njia," alisema Maalim. "Anatafuta pa kuingilia, na anaingilia kwenye kuitika kwako. Usiitike. Akikuita kwa sauti ya yeyote, ikiwa mbali au shingoni kwako, usiitike na usigeuke, mpaka mwezi uandame. Atachoka atakwenda zake." Akawaamrisha Jaifar na Nantongo wasilitaje jina la Mahbuba ndani ya nyumba ile. Wakimtaka, wamguse bega.

Na dawa ilifanya kazi. Hilo ndilo linalouma zaidi. Lile jambo liliita kwa hasira, likaita kwa kilio, likaita kama mtoto, na Mahbuba alitia pamba masikioni akauma ncha ya kanga mpaka fizi zikatoka damu, lakini hakuitika. Harufu ikapungua. Sauti ikarudi nyuma, kutoka ukumbini ikarudi stoo, kutoka stoo ikarudi juu ya paa. Na Bi Muhsina akaanza kula. Rangi ikamrudi. Shingo ikageuka tena, midomo ikaanza kucheza, na siku moja Nantongo akamwambia Mahbuba kwamba bibi alikuwa anajaribu, koo lake lilikuwa linatoa mlio. Mahbuba alilia kwa furaha akasujudu pale pale sakafuni. Pamba akaitoa masikioni.

Mwezi ulikuwa karibu kuandama. Alasiri moja alikuwa chumbani kwa mama yake, kakipa kitanda mgongo, anakunja nguo zilizotoka kuanuliwa.

"Mahbuba."

Ilikuwa nyuma yake, hatua mbili tu. Ilikuwa kavu, yenye kutu, haikufanana na zile tamu za stoo na bafuni. Labeka ikampanda mpaka kwenye meno. Aliyafumba. Aliambiwa shingoni kwako. Aliambiwa usigeuke. Akajisemea, leo limekaa kitandani kwa mama, limeshindwa kwingine kote.

"Mahbuba."

Akaendelea kukunja. Akasoma Ayatul Kursiyu moyoni, akakosea, akarudia.

"Mah... bu... ba."

Hiyo ya tatu ilivutwa kwa taabu, na mwishoni pakawa na kitu kinachoomba. Mahbuba akazibeba nguo zote kifuani, akatoka bila ya kugeuka, akaufunga mlango nyuma yake. Alisimama ukumbini anahema, na alijiona kashinda.

Nantongo akatokea jikoni, mbio, sinia mkononi, uso wote unacheka. Alikuwa karibu asahau kwamba haruhusiwi kulitaja jina, ila hakulitaja.

"Madam, bibi amesema! Nimemsikia mpaka jikoni. Anakuita, madam, si umwendee?"

Nantongo, ambaye siku zote hakuwa amesikia kitu.

Nguo zilianguka. Mahbuba aliufungua mlango na labeka iko mdomoni, labeka mama, labeka, labeka, akaisema akikimbia, akaisema amepiga magoti, akaisema akilitazama lile jicho moja lililobaki wazi. Bi Muhsina alikuwa kausogeza mwili wake mpaka ukingoni mwa kitanda, kwa nguvu ambazo sijui kazitoa wapi, na mkono wake mzima ulikuwa umenyooka kuelekea mlangoni. Uji wa alasiri ulipoa kwenye sinia. Mama hakuita tena, roho ilikuwa imeshatoka.

Walimzika siku ile ile. Kanchan alikuja kutoa pole, kajifunika kichwa kwa heshima ya nyumba, akakaa na Mahbuba pembeni. Mahbuba akamwambia yote, kwa mara ya kwanza, kwa sauti ya chini chini, na mwisho akamuuliza mnyama gani ule, amefuga nini mnyama ule.

"Ng'ombe hana kosa, shoga," alisema Kanchan. Alikuwa analia. "Mkono wako ulikuwa wapi?"

Maalim Aflah naye alikuja kumaliza khitma, na Mahbuba alimfuata uani akamwambia na yeye. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila ya ukali, kwamba angelijua, asingempa dawa ile. Yule hakuwa mpita njia. Alikuwa kabeba amana ya mama yake, ile sauti, na mchukuzi wa amana hanyamaziwi, hudaiwa mpaka airudishe. Angemwambia akae mbele ya mama yake, atazame midomo yake, na akiona imetaja jina, basi hata kwa sauti hafifu namna gani, amwitike yeye, asimwitike mwengine. "Aliirudisha," alisema. "Alasiri ile aliirudisha."

Mwezi uliandama. Jaifar alisema nyumba sasa imesafika, wataiuza, dada yake ahamie Qurum kwenye chumba cha ghorofani, watoto watamchangamsha. Mahbuba alikataa. Jaifar alidhani ni uchungu wa mama, akamwacha na Nantongo mpaka matanga yapoe.

Nantongo sasa anataka kuondoka, na mie simlaumu. Anasema harufu ya maziwa imerudi, na safari hii haitoki stoo. Inatoka chumba cha bibi, ambako godoro limekunjwa na dirisha limefungwa. Anasema madam amekonda, hali, na akilishwa uji kwa nguvu unamchuruzika. Kila baada ya chakula cha mchana hukaa kwenye kiti ukumbini, shela liko begani, uso wazi, anasubiri. Nantongo hasikii kitu. Anaona tu madam anainua kichwa, macho yanang'aa, na anasimama upesi asije akachelewa.

"Labeka, mama," anasema Mahbuba. "Nnakuja."

Na anakwenda, anaufungua ule mlango, anaingia, anaufunga nyuma yake.